Kifaa cha kununua kwa kukatia mgando wa jibini nyumbani

Vipande vya mgando, yaani maziwa yaliyogandishwa kwa ajili ya jibini, visipolingana, jibini limeshaharibika kabla ya kukandamizwa. Vikubwa hubaki na maji ndani, yakachacha na kuacha madoa laini. Vidogo hukauka mapema. Kukata wima hakumshindi mtu. Kazi iko kwenye kukata mlalo, na hapo ndipo pesa yako iende.

Pima sufuria kwanza. Ya lita 10 yenye kipenyo cha sm 25 ina kina cha kama sm 20, na kifaa kisichofika chini hakikufai.

1. Spatula ndefu ya kupakia krimu ya keki. Chagua ya chuma kisichoshika kutu, bapa la sm 30, jembamba, ncha ya mviringo. Kata mistari kila sm 1.5, geuza sufuria robo, rudia, kisha inamisha nyuzi 45 ukate kutoka pande zote nne. Kisu cha mkate kiache jikoni. Meno yake hurarua.

2. Waya wa kukatia keki tabaka. Uwe na upana pungufu ya kipenyo cha sufuria kwa sm 1 hivi. Uzamishe sm 1.5, zungusha nusu duara, shusha tena sm 1.5, zungusha, mpaka chini. Ndipo ukate wima kwa spatula. Namba 1 na 2 pamoja zinatosha nyumba nyingi. Ukiunda mwenyewe, usitumie waya wa mabati: zinki inayoufunika huyeyuka kwenye asidi ya mgando.

3. Kinubi cha nyaya, yaani fremu yenye nyaya zilizokazwa. Kwa sufuria za kuanzia lita 20. Huuzwa viwili, cha nyaya wima na cha nyaya za mlalo. Ukimudu kimoja, chukua cha mlalo. Bonyeza nyaya kwa kidole: zikilegea, zitasukuma mgando badala ya kuukata.

4. Kipigio cha mayai. Kwa jibini gumu la chembe ndogo tu, baada ya kukata kwanza kwa spatula. Watengenezaji wa Parmigiano Reggiano huko Italia hutumia cha aina hiyo, kikubwa, kiitwacho spino. Nyumbani ni rahisi kupitiliza.

Kifaa chochote hakifai kitu mgando ukiwa haujashika. Chomeka kisu, inua kidogo: mpasuko uwe safi, maji ndani yake yawe ya kijani-njano. Yakiwa meupe, funika, subiri dakika 5, jaribu tena. Ukishakata, acha vipande vitulie dakika 5 kabla ya kukoroga.