Nebulaiza ya nyumbani kwa pumu kali: inunuliwe au iachwe dukani?

Nebulaiza za kompresa, zile za kuweka mezani zinazounguruma na kutoa ukungu wa dawa, zimekuwa kitu cha kawaida kwenye maduka ya vifaa tiba. Omron NE-C28 ni mfano mmoja unaojulikana, na nyingine nyingi zinafanya kazi kwa njia ileile. Kama mashine, ni nzuri. Lakini nyumba nyingi zenye mgonjwa wa pumu kali huinunua kabla ya kununua spesa, na hapo ndipo fedha inapopotea na hatari inapoanza.

Tuanze na spesa basi, kwa kuwa ndiyo mshindani halisi wa mashine hii. Ni chemba ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo. Tafiti zilizolinganisha vifaa hivi viwili katika shambulio la pumu lisilotishia uhai zimeonyesha kwamba inhela ya salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa haraka) yenye spesa hufanya kazi sawa na nebulaiza, na watoto hutoka chumba cha dharura mapema zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, GINA, unataja mipulizo 4 hadi 10 kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza ya shambulio. Idadi ya mgonjwa wako iandikwe na daktari wake. Kinachoharibu kazi ni haraka. Watu hubonyeza mara mbili au tatu mfululizo ndani ya chemba, dawa inagongana na kuganda kwenye kuta, halafu wanasema inhela haina nguvu. Tikisa, bonyeza mara moja, mgonjwa avute pumzi taratibu mara 4 hadi 6, kisha tikisa tena kabla ya mpulizo unaofuata.

Asiye na uwezo wa kununua spesa bado ana njia. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, ilifungua kifua cha watoto karibu sawa na spesa ya dukani. Chupa isiyozibwa haikufanya vizuri hivyo. Osha spesa au chupa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: kufuta kunaleta umeme tuli ndani ya plastiki, na umeme huo hunasa dawa.

Mashine sasa inamfaa nani? Mtu ambaye hata akiwekewa spesa yenye barakoa hawezi kuvuta dawa ipasavyo; mzee mwenye mikono dhaifu au aliyechanganyikiwa; mgonjwa ambaye mtaalamu wa kifua amemwona, akampangia dawa za nebulaiza na kumwandikia lini atumie na lini aondoke nyumbani kwenda hospitali. Uingereza, mamlaka ya dawa ilitoa tahadhari mwaka 2022 kwamba nebulaiza za kutuliza shambulio la pumu kwa watoto nyumbani zianzishwe na kusimamiwa na wataalamu tu, kwa sababu zinaweza kuficha hali inayozidi kuwa mbaya na kumchelewesha mtoto kufika hospitali. Tahadhari hiyo ina uzito mkubwa zaidi pale ambapo hospitali iko mbali.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini. Kichupa kimoja cha salbutamol cha miligramu 2.5 kina dawa sawa na mipulizo 25 ya mikrogramu 100. Nyingi hupotea hewani na kubaki kwenye kikombe cha dawa cha mashine, lakini inayofika inatosha kulegeza misuli ya njia za hewa na kumpa mgonjwa nafuu. Uvimbe na makohozi ndani ya njia hizo havijaguswa. Saa chache baadaye kifua kinabana tena, mashine inawashwa tena, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na potasiamu katika damu inashuka. Anayehitaji mashine kila siku anahitaji kupimwa upya: je, dawa ya kuzuia yenye sitiroidi, ile inayotuliza uvimbe, anaitumia kila siku? Anaivuta sawasawa? Moshi wa mkaa na sigara umetoka chumbani? Maswali hayo matatu yakijibiwa vizuri, watu wengi wanaoitwa wenye pumu kali hawaihitaji mashine kabisa.

Kwa anayeihitaji kweli, matumizi ni haya. Nawa mikono. Weka mashine juu ya meza, si kitandani wala kwenye zulia, maana inavuta hewa na ikizibwa inapata joto. Mimina dawa kwenye kikombe. Vikombe vingi hubakiza karibu mililita 1 ambayo haigeuki ukungu, hivyo kichupa cha mililita 2.5 peke yake kinapoteza sehemu kubwa ya dawa. Kuongeza salaini tasa (maji ya chumvi yasiyo na vijidudu) ya 0.9% hadi ifike mililita 4 hivi hupunguza hasara hiyo. Daktari akiwa amepanga salbutamol mililita 2.5 pamoja na ipratropiamu (dawa nyingine ya kufungua njia za hewa) mililita 2, tayari una 4.5 na hakuna haja ya kuongeza kitu. Maji ya bomba au ya kuchemsha hayafai kabisa, kwani maji yasiyo na chumvi yenyewe hubana njia za hewa. Mafuta ya mkaratusi na dawa za kuchua zisikaribie kikombe.

Mgonjwa akae wima, apumue kawaida kwa mdomo. Kipande cha mdomoni ni bora kuliko barakoa kwa anayeweza kukishika kwa midomo. Barakoa ikitumika ibane uso. Kuishikilia mbele ya pua ya mtoto anayelia, kama wengi wanavyofanya kwa huruma, kunampa dawa kidogo mno. Ipratropiamu ikivuja kuelekea machoni ni hatari kwa mwenye glakoma, ugonjwa wa shinikizo kubwa ndani ya jicho. Baada ya budesonidi, dawa ya sitiroidi ya kuvuta, sukutua mdomo na uoshe uso. Kazi nzima huchukua dakika 5 hadi 10. Kikombe kikianza kukoroma na kutoa ukungu kwa vipindi, kigonge kidogo pembeni, kikikauka, simamisha.

Ukungu ukiwa hafifu au usipotoka kabisa, usikimbilie kulaumu mota. Fungua kikombe uangalie kile kipande kidogo cha ndani kinachokaa juu ya tundu la hewa. Ndicho kinachopotea zaidi, huenda na maji ya kuoshea, na bila hicho dawa haiwezi kupasuliwa kuwa ukungu. Kikiwepo, angalia tundu kama limeziba kwa dawa iliyokauka, mrija kama umelegea, na kichujio kama kimegeuka kijivu. NE-C28 imeundwa kufanya kazi dakika 20 na kupumzika 40, kwa hiyo nyumba yenye wagonjwa wawili isiifululize.

Usafi ndio udhaifu mkubwa wa kifaa hiki. Kikombe chenye unyevu ni makazi ya bakteria, nao hupelekwa moja kwa moja mapafuni. Kila baada ya matumizi, mwaga kilichobaki, osha kikombe na barakoa kwa maji moto na sabuni, suuza, kung'uta, acha vikauke juu ya kitambaa safi. Kuchemsha kunafaa kwa vipande ambavyo kijitabu cha mashine kinaruhusu. Barakoa nyingi huharibika. Mrija haupaswi kuoshwa. Ukiona matone ndani yake, uchomoe kwenye kikombe na uwashe mashine dakika kadhaa hewa iukaushe.

Umeme ukikatika, kompresa haina msaada wowote. Kwa hiyo hata mwenye mashine awe na inhela na spesa, vikae mahali pamoja. Nebulaiza ndogo za matundu zinazotumia betri hazina kelele na zinafaa safarini, ila wavu wake huziba upesi usiposafishwa. Zile za mawimbi ya sauti zisinunuliwe kwa budesonidi, kwa sababu hazigeuzi vizuri dawa ambayo chembe zake zinaelea bila kuyeyuka.

Kuna hali ambazo mashine isisubiriwe imalize. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zinageuka rangi, anasinzia au kuchanganyikiwa, kipimo cha oksijeni kidoleni kinasoma chini ya 92%, au nafuu inaisha kabla ya kupita muda wa saa 4: aanze safari ya hospitali huku akiendelea kupewa mipulizo kwa spesa njiani. Hospitali huendesha nebulaiza kwa oksijeni. Ya nyumbani inasukuma hewa ya kawaida tu, na salbutamol inaweza hata kushusha oksijeni kwa muda.

Ukiamua kununua, omba iwashwe pale dukani ikiwa na salaini mililita 3 na uangalie ukungu unatoka mfululizo. Ulizia bei ya kikombe, barakoa na vichujio vya akiba kabla ya bei ya mashine. Isiyo na vipuri mjini kwako iache. Na kwa wanaoletewa na ndugu kutoka Marekani: soma kibandiko cha chini. Kikionyesha volti 120 pekee, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230 au 240, mota itaungua.