Kasha lipi la Ultraman ununue, na kwa nini ukague kitovu kabla ya jalada

Wasomaji wanaokusanya Ultraman ya mwaka 1966, tamthilia ya televisheni ya Kijapani kuhusu shujaa jitu, katika diski za Blu-ray, wameanza kuniandikia malalamiko yanayofanana mno. Mtu ameagiza mfululizo mzima wa vipindi 39 katika kasha la bati, mzigo umefika salama, nailoni haijachanwa na bati halijabonyea popote, lakini akilitikisa kasha anasikia kitu kikigongagonga ndani kama njugu kwenye debe. Akifungua anakuta diski moja au mbili zimechomoka kwenye vishikizo vyake na zimesuguana safari nzima. Muuzaji akiulizwa anajibu kwamba kasha ni zima, hivyo hakuna fedha ya kurudisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautagusa ubora wa picha wala wa sauti, mambo ambayo yameshaandikwa vya kutosha, na ambayo hayamsaidii mtu kuchagua kati ya toleo la bati na toleo la plastiki, kwa kuwa diski zilizomo ni zilezile.

Kinachonihangaisha mimi ni kitovu, yaani kile kiduara chenye meno madogo ya plastiki katikati ya kasha, ambacho tundu la diski hukaa juu yake. Meno yakiwa laini kupita kiasi, diski huchomoka kwa mtikisiko wa kawaida wa gari la posta. Yakiwa magumu kupita kiasi, mnunuzi huvuta diski kwa ukingo wake hadi inajikunja, na baada ya kufanya hivyo mara kadhaa nyufa nyembamba huanza kuonekana kwenye duara la ndani, zikielekea nje taratibu. Kitovu chema hubonyezwa katikati kwa kidole gumba, kikaiachia diski yenyewe bila kuvutwa. Jambo hili lina uzito zaidi kwenye Blu-ray kuliko kwenye DVD. Diski zote mbili zina unene wa milimita 1.2, lakini tabaka la data la Blu-ray liko milimita 0.1 tu chini ya uso unaosomwa na leza, wakati la DVD limezama katikati, kwenye milimita 0.6. Blu-ray hupakwa utando mgumu wa kuikinga, na utando huo hustahimili alama za vidole na mikwaruzo midogo. Hata hivyo, haukukusudiwa kustahimili diski mbili zinazosagana kwa wiki kadhaa ndani ya kontena.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Mill Creek Entertainment ya Marekani, toleo lake la kawaida la plastiki lenye ganda la karatasi ngumu kwa nje. Sifichi kwamba kampuni hii naipendelea. Kwa miaka mingi haki za Ultraman nje ya Japani ziligombaniwa kati ya Tsuburaya Productions, kampuni ya Kijapani iliyoutengeneza, na mfanyabiashara wa Thailand aliyedai kupewa haki hizo kwa hati ya mwaka 1976, na mgogoro huo uliwafanya wasambazaji wengi waogope kugusa mfululizo huu. Mahakama ya California ilipoamua mwaka 2018 kwamba hati hiyo si halali, njia ilifunguka, na mwaka uliofuata Mill Creek ikaanza kutoa mfululizo mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio: Ultra Q, mfululizo uliotangulia, na Ultraman mwezi Oktoba 2019, kisha Ultraseven, uliofuata, mwezi Desemba. Migongo ya makasha ikapewa namba, Ultra Q ikiwa ya kwanza. Anayejua jinsi mifululizo hii ilivyokuwa ikipatikana kwa vipandevipande kabla ya hapo ataelewa kwa nini namba hizo kwenye rafu zinafurahisha kuliko picha yoyote ya jalada.

Sababu yangu kubwa ya kuliweka toleo hili mbele, hata hivyo, ni kwamba kasha lake linaweza kubadilishwa. Jino la kitovu likivunjika, unanunua kasha tupu la plastiki la buluu lenye nafasi ya idadi ileile ya diski na unene uleule wa mgongo, unachomoa karatasi ya jalada kutoka kwenye nailoni ya nje, unaiingiza kwenye kasha jipya, unahamisha diski, unarudisha ganda la karatasi juu yake, na hakuna atakayejua kilichotokea. Makasha tupu ni ya bei rahisi, na huuzwa hata kwa dazeni. Pima mgongo kwa rula kabla ya kuagiza, maana tofauti ya milimita chache tu itaifanya karatasi ipwaye au ikunjamane pembeni, na ganda la nje halitaingia tena.

Toleo la bati la kampuni hiyohiyo, linalobeba chapa ya SteelBook, nimeliweka la pili, na najua kuna watakaokasirika. Ni kweli ndilo linalopendeza zaidi machoni, na bati lililochapwa vizuri lina mng'ao ambao karatasi haiwezi kuuiga, hasa kwa shujaa ambaye mwili wake wenyewe ni fedha na wekundu. Lakini ndani ya bati, trei ya plastiki imeshikamana na kasha lenyewe. Jino likivunjika huna pa kuhamia, kwa sababu ukilitupa kasha umetupa ile kazi ya sanaa uliyoilipia. Pamoja na hayo, ile karatasi ya nyuma yenye maelezo ya yaliyomo kwa kawaida hugandishwa kwa vitone vya gundi. Wengi huibandua haraka haraka na kuiacha gundi ikavuta vumbi, au huitupa kabisa, kisha siku ya kuuza wanashangaa mbona mnunuzi analalamika kwamba kasha si kamili. Ibandue polepole kutoka pembeni, sugua gundi kwa kidole mpaka ijikunje yenyewe, na uihifadhi karatasi ndani. Anayeamua kununua bati na anunue pia mfuko wa plastiki angavu wa kulivisha, na alitikise karibu na sikio mbele ya aliyemletea kabla hajasaini popote.

Masanduku ya Japani ninayapenda kwa macho tu. Bandai Visual, msambazaji wa huko, iliitoa Ultraman kwa Blu-ray miaka kadhaa kabla ya Wamarekani, ikiwa imegawanywa katika masanduku kadhaa, na Wajapani wana nidhamu ya ufungashaji ambayo wengine hawajaifikia, ikiwa ni pamoja na ule mkanda wa karatasi uitwao obi, ambao ukikosekana bei ya sanduku hushuka papo hapo. Vitovu vyao sijawahi kusikia vikilalamikiwa. Tatizo ni kwamba hayana manukuu ya Kiingereza, bei yake ni ya kutisha, na karatasi ngumu hupauka upande unaotazama dirisha, hivyo sanduku la mtumba lililopigwa picha kwa mbele tu liombewe picha ya mgongo pia. Anayejua Kijapani na mwenye uwezo ayanunue bila kusita.

DVD za zamani ni za asiye na mashine ya Blu-ray. Mfano ni Ultraseven ya mwaka 2012 ya Shout! Factory, kampuni nyingine ya Marekani, basi.

Ultraseven inahitaji angalizo jingine. Mfululizo huo ulirushwa kwa vipindi 49, ila kipindi cha 12 kimefungiwa tangu mwaka 1970, baada ya manusura wa mabomu ya atomiki kukerwa na jinsi kiumbe wa kipindi hicho alivyofananishwa nao. Kila toleo halali lina vipindi 48. Msomaji mmoja alitaka kurudisha seti yake akidhani ameibiwa kipindi, kumbe ni seti halali kabisa. Ambaye angepaswa kutiliwa shaka ni yule anayetangaza vipindi vyote 49 na kuiita hali hiyo adimu, kwa kuwa anachouza ni nakala ya wizi iliyotiwa kwenye kasha la kupendeza.

Wauzaji wa mitandaoni ndio walionichosha zaidi. Toleo likiisha kiwandani, mtu aliyelinunua kwa bei ya kawaida analirudisha sokoni kwa bei maradufu, analiita jipya kwa sababu tu nailoni ipo, kisha analituma ndani ya bahasha nyembamba badala ya boksi, ilhali faida aliyoichukua ingetosha kununua maboksi ya mwaka mzima. Mwandikie kabla ya kulipa, mtake athibitishe kwa maandishi kwamba atatumia boksi na kwamba diski zilizochomoka zinahesabiwa kuwa kasoro. Akikataa, mwache na mzigo wake. Walioko Afrika Mashariki, Oman na Ulaya wana sababu ya ziada ya kuwa wakali: Blu-ray imegawa dunia katika kanda ili diski ya kanda moja isichezeke kwingine; Marekani na Japani ziko ukanda A, wao wako ukanda B, na diski iliyofungwa kwa ukanda A itahitaji mashine isiyobagua ukanda. Wakishalipia mashine hiyo, nauli na ushuru wa forodha, gharama ya kurudisha kasha lenye kitovu kilichovunjika mara nyingi hukaribia bei ya kasha lenyewe, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana wanapomwambia mteja wa Mombasa au Muscat kwamba yuko huru kulirudisha kwa gharama zake mwenyewe.