Shabu ya jiwe kwa kikwapa cha jirani wa meza: inafaa, ila si kwa kila jasho

Ofisi nyingi za Dar zenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa zina mtu ambaye akinyoosha mkono kuomba stepla, wenzake wanakumbuka ghafla shughuli ya korido. Zawadi ya kwanza anayopewa huwa manukato, na hapo mambo huharibika zaidi: kikwapa hakiondoki, kinapata mwenzake. Shabu ya jiwe (alum) ni zawadi bora kuliko hiyo. Ni rahisi, haina harufu yoyote, na hudumu miezi mingi. Lakini wengi wanaosema haifanyi kazi wameitumia kama sabuni, na shabu si sabuni.

Jasho likitoka halinuki. Bakteria wa kwapani ndio wanaolivunja na kutoa ile harufu, na shabu inawabana hao: chumvi yake ya alumini hukaza ngozi na kuifanya iwe na uchachu ambao hawaupendi. Tezi za jasho haizizibi. Mtumiaji ataendelea kulowa, hasa Desemba hadi Machi, ila atalowa bila kunuka. Anayetaka shati kavu atafute kizuia jasho cha dukani, na akipake usiku kwenye ngozi kavu. Akipaka asubuhi huku tayari anatoka jasho, dawa husombwa kabla haijaingia.

Kwenye maduka ya dawa za asili Kariakoo shabu huuzwa kwa vipande au ikiwa imesagwa. Chukua kipande kinachojaa kiganja, kinachopitisha mwanga kama barafu. Kilichopauka na kuacha unga mkononi kimepoteza maji yake. Ukiwa na wasiwasi kwamba umepewa chumvi ya mawe, gusisha ncha ya ulimi kisha uteme: chumvi ni chumvi tu, shabu inaanza na utamu mdogo kisha inavuta mdomo kwa ukakasi. Ya unga usiichukue kwa kazi hii, kwa sababu huwezi kujua imechanganywa na nini. Na ile iliyochomwa kwenye kikaango ikafura na kuwa nyeupe, ni kali mno kwa ngozi ya kwapa.

Matumizi yenyewe hayafiki dakika tatu. Oga kwa sabuni na suuza kwapa mpaka utelezi wote uishe. Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoharibu kazi: shabu ikikutana na sabuni hutengeneza utando unaonata, bakteria wanabaki salama chini yake. Ngozi ikiwa bado na maji, lowesha jiwe na ulipitishe kila kwapa mara kumi hadi kumi na tano, ukifika hadi kingo za nywele. Subiri pakauke, dakika moja hivi, ndipo uvae. Jiwe lisuuze, likaushe, uliweke mahali penye hewa. Ukilifungia kwenye kopo likiwa bichi, utalikuta limelika. Kona kali zipunguze kwa kulizungusha kwenye maji ya moto kabla ya siku ya kwanza.

Asiyependa kupitisha jiwe alisage kidogo mwenyewe, ayeyushe nusu kijiko cha chai cha shabu hiyo kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa, atie kwenye chupa ndogo ya kupuliza. Chupa hiyo inakaa vizuri kwenye droo ya ofisini, kwa ajili ya saa saba mchana. Apanguse kwanza kwapa kwa kitambaa kibichi. Kupulizia juu ya jasho la asubuhi ni kupoteza dawa.

Kuna mchanganyiko mmoja unaopendwa mtaani ambao hauna maana: shabu na baking soda pamoja. Moja ina uchachu, nyingine inauondoa. Vinafuka povu, vinauana, unabaki na unga mweupe. Limau nalo liachwe jikoni, linachoma. Aliyenyoa leo asubiri kesho, na ngozi yenye vidonda au upele isiguswe kabisa.

Sasa shati. Hapa ndipo lawama nyingi za shabu zinapaswa kwenda. Shati la poliesta, na mitumba mingi ya ofisini ni poliesta, hushika mafuta ya kwapa hata likifuliwa. Kabatini halinuki, likipata joto la mwili ndani ya daladala, harufu inaamka. Kulijua ni rahisi: pitisha pasi yenye joto dogo kwapani mwa shati lililofuliwa, kisha nusa. Likinuka, liloweke nusu saa kwenye lita tano za maji zenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, suuza, ndipo ulifue kwa sabuni likiwa limegeuzwa ndani nje. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isikaribie siki hiyo, vikichanganyika hutoa mvuke wa sumu.

Kumkabidhi mtu jiwe hili ni kazi ngumu kuliko kulitumia. Usiliache mezani kwake bila jina. Atashinda siku nzima akiwatazama wote kwa mashaka. Usipitie kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, wala usijifiche kwenye utani, maana utani wa kikwapa humfikia kila mtu kabla ya mhusika. Aseme mtu mmoja, wa jinsia yake, jioni watu wakiondoka. Kama ni mzee wa watu, kijana asimwendee; amwombe mwenye rika lake. Maneno yawe machache: “Kaka, niwie radhi, bora nikwambie mimi. Mchana harufu ya jasho inasikika tukikaa karibu. Mimi natumia hii baada ya kuoga, jaribu.” Mpe, mweleze habari ya kusuuza sabuni, kisha hamia kwenye foleni ya Ubungo au mechi ya Simba na Yanga. Kesho yake usimuulize.

Harufu ikibaki ileile baada ya wiki mbili, ulizia shati kwanza, kisha ulizia alivyosuuza. Ikiwa inafanana na samaki na haiondoki kwa kuoga, au jasho linatiririka hata mbele ya kiyoyozi, hilo si la shabu tena, ni la daktari. Na kama tatizo ni yule anayevua viatu chini ya meza, kijiko kimoja cha chakula cha shabu iliyosagwa kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, miguu ikae dakika kumi na tano jioni, na viatu vipumzishwe siku nzima kabla ya kuvaliwa tena. Jozi moja ya kila siku haitapona.