Chajio Bila Ngoma: Tathmini ya Ukumbi wa Chakula Katika Meli ya Kitalii ya Ghuba

Mwezi Januari nilipanda meli ya kitalii katika Bandari ya Rashid, Dubai, pamoja na mke wangu na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 74, kwa safari ya siku saba iliyopitia Abu Dhabi, kisiwa cha Sir Bani Yas na Doha kabla ya kurudi tulikoanzia. Vyumba vilikuwa safi, bahari ilikuwa shwari, na sina la kuongeza juu ya hayo. Ninachokusudia kutathmini ni kitu kimoja tu, yaani burudani inayoletwa mezani wakati wa chajio, nikiitazama kwa macho ya mgeni anayependa kula kwa utulivu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu niliyoyaona ni desturi ya kampuni nyingi, na anayesafiri na nyingine huenda akayakuta kwa sura inayokaribiana nayo.

Lazima nieleze kwanza kwa nini jambo hili lilitugusa. Mama anatumia kifaa cha kumsaidia kusikia katika sikio la kushoto. Watu wasiokitumia hudhani kwamba kifaa hicho humchagulia mtu sauti anayoitaka. Kwa kweli hukuza sauti nyingi zilizo karibu, na hata vile vinavyopunguza kelele huelemewa katika ukumbi uliojaa watu, hivi kwamba mlio wa uma kwenye sahani, muziki wa spika na maneno ya mwanawe vinaingia pamoja vikigombania mlango mmoja. Juu ya hayo, amelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, ambako hata harusini biriani huliwa kwanza, watu wamelizunguka sinia na maneno yao ni machache, na taarabu husubiri mpaka mikono imekwisha kunawiwa. Si kwamba hapendi ngoma. Hapendi ngoma ndani ya sahani.

Ukumbi mkuu wa chakula katika meli yetu ulikuwa upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, wenye ghorofa mbili zilizounganishwa kwa ngazi pana, na ulihudumia wageni kwa zamu mbili: ya kwanza saa 12:45 jioni na ya pili saa 3:15 usiku. Huo ndio mpangilio wa zamani wa meli za abiria, na kampuni nyingi bado zinaufuata kwa kuwa jikoni hupika kwa mikupuo na ukumbi mmoja hutosha kwa watu mara mbili ya viti vyake. Uzuri wake ni kwamba unapewa meza yako na wahudumu wako kwa safari nzima, nao wanajua kufikia usiku wa tatu kwamba chai yako hainywewi na maziwa. Ubaya wake ni kwamba mamia ya watu wanakula chakula kilekile kwa wakati uleule, na hadhira ya namna hiyo, iliyokwisha kuketi na isiyoweza kuondoka kabla ya kitindamlo, ni kishawishi kikubwa kwa mtu yeyote aliyepewa maikrofoni.

Usiku wa pili ulikuwa usiku wa mavazi rasmi. Mama, ambaye hali nyama asiyojua imechinjwa vipi, aliagiza samaki wa salmoni kutoka katika ile sehemu ya menyu isiyobadilika, yenye vyakula vinavyopatikana kila siku kwa mgeni asiyevutiwa na vyakula vya usiku huo. Sahani iliwekwa mbele yake, akakamua ndimu, akainua uma, na taa zikafifia. Spika iliyokuwa darini, karibu kabisa na meza yetu, ikalipuka kwa wimbo wa Kiitaliano ambao kila mtu anakijua kiitikio chake. Wahudumu wakatoka jikoni kwa safu wakizungusha vitambaa vya mkono juu ya vichwa vyao, na wageni wakahimizwa nao wafanye vivyo hivyo. Kitambaa cha jirani yetu kikapita juu ya samaki. Mama akaifunika sahani kwa kiganja kama anayemfukuza inzi, kisha kwa mkono wa pili akachomoa kifaa sikioni, akakitia katika kikasha chake na kukirudisha mkobani. Tangu hapo mpaka tulipoinuka hakusikia neno langu hata moja, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwomba akirudishe.

Nilitazama saa. Onyesho lilichukua dakika 14, na katika muda huo hakuna aliyeletewa maji wala aliyeondolewa sahani, kwa sababu iliyo wazi kwamba mhudumu anayecheza hahudumii. Mke wangu, ambaye chakula chake kilikuwa bado jikoni ngoma ilipoanza, aliletewa wali uliokuwa vuguvugu na mchuzi uliokwisha kuganda utando. Kosa hili naliona kubwa kuliko kelele yenyewe. Mtu anaweza kubishana na mwenzake kuhusu ladha ya muziki, lakini wali uliopoa hauna wa kuutetea.

Ni haki pia niseme kwamba meza ya kushoto kwetu ilifurahi kupita kiasi. Ilikuwa familia ya watu tisa kutoka Kerala, vizazi vitatu, na bibi yao, aliyeonekana kumzidi Mama umri, alisimama akapiga makofi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo sisemi onyesho lifutwe. Lawama yangu ni kwamba lilikuwa limepangwa, dakika ya kuanza ikijulikana jikoni na kwa mwendesha spika, na sisi tuliokuwa tumeketi chini yake ndio pekee ambao hatukuambiwa. Ratiba ya meli iliyokuwa katika simu zetu ilitaja saa ya bingo, saa ya darasa la kukunja taulo kwa umbo la tembo, na saa ya mashindano ya kuogelea. Ya ngoma ya ukumbini haikuwamo.

Aliyetutoa gizani ni mhudumu wa meza za ghorofa ya juu, kijana wa Kisauni, aliyetusikia tukisemezana Kiswahili kwenye ngazi akarudi nyuma hatua mbili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kucheza huku mbali kote?”

Alicheka, akaeleza kwa adabu kwamba ngoma ni sehemu ya kazi, kwamba hufanyiwa mazoezi mchana kati ya kufungwa kwa chakula cha mchana na kufunguliwa kwa zamu ya jioni, muda ambao wengi wao wangependa kuutumia kulala, na kwamba asiyecheza huulizwa kulikoni. Kisha akatupa taarifa ambayo ingepaswa kuwa ukutani. Katika safari ya siku saba kulikuwa na ngoma tatu ukumbini: usiku wa mavazi rasmi, usiku wa mavazi meupe, na usiku wa gwaride la keki ya aiskrimu kuelekea mwisho wa safari. Gwaride hilo ni mila ya miaka mingi katika meli za kitalii. Zamani keki iliwashwa moto wa kweli, na sasa meli nyingi hutumia vimulimuli vya betri kwa kuogopa moto baharini. Alituambia pia kwamba spika za ghorofa ya juu ni chache, kwamba safu ya wachezaji hupita chini na kwenye ngazi tu, na kwamba meza za pembeni nyuma ya nguzo, ambazo wageni wengi huzikataa kwa kuwa hazioni ukumbi, ndizo ambazo mtu kama Mama angezipenda.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea mkuu wa ukumbi. Hapa ninampongeza bila kinyongo: alisikiliza, akamtazama Mama, na jioni ileile tukawa nyuma ya nguzo, meza ya watu watatu karibu na dirisha. Nilijuta jambo moja tu, kwamba sikwenda siku ya kwanza. Katika meli nyingi mkuu wa ukumbi au msaidizi wake hukaa ukumbini alasiri ya kupanda meli ili kupokea maombi ya kubadilisha meza, na kufikia usiku wa tatu meza nzuri za pembeni huwa zimekwisha. Sisi tulipata kwa bahati ya mtu aliyeikimbia nguzo.

Usiku wa mavazi meupe hatukutaka kujaribu bahati, tukaenda katika mkahawa wa nyama za kuchoma, mmojawapo wa ile mikahawa midogo ambayo hulipiwa juu ya nauli. Kiingilio kilikuwa dola 49 kwa kila mtu. Ukumbi ulikuwa wa meza chache, zulia zito, mapazia yanayonyonya sauti, na muziki wa chini usiomlazimisha mtu kuinua sauti yake. Mama alivaa kifaa chake usiku kucha na akatusimulia habari za marehemu babu ambazo sikuwahi kuzisikia. Huduma ile naipa alama zote. Hata hivyo nilipotia sahihi risiti niliona wazi nilichonunua. Mama alikula samaki tena, na samaki hakuwa bora kuliko wa ukumbini. Zile dola 147 zilikuwa bei ya zulia na mapazia. Meli hutoa kelele ndani ya nauli na kuuza ukimya pembeni, na mgeni asiyekuwa na nyongeza hiyo hana budi kuishi na spika.

Tahadhari moja kwa anayedhani kwamba kila mkahawa wa kulipia ni mtulivu. Ule wa Kijapani, ambao wageni huketi kulizunguka bamba la chuma na mpishi huwapikia mbele yao, ni onyesho lenyewe. Visu hugonganishwa, mayai hurushwa na kudakwa kwa kofia, vitunguu hupangwa kama mlima wa volkano na kuwashwa moto, na utaketi bega kwa bega na watu usiowajua. Tulipita mlangoni, Mama akachungulia, akaendelea na safari yake.

Kilichonishangaza ni bafe. Asubuhi bafe ya meli ni soko la Kongowea, lakini kuanzia saa 2 usiku, zamu ya kwanza ikiwa imeshiba na ya pili ikivaa, tulikuta watu wasiozidi thelathini katika ukumbi unaochukua mamia. Usiku wa tano tulichukua meza ya nyuma kabisa, kwenye kioo, tukaona miale ya gesi inayowaka juu ya visima vya baharini ikirudi nyuma mmoja baada ya mwingine. Chakula kilikuwa cha kawaida, supu ya dengu ilikuwa na chumvi nyingi, na hapakuwa na mtu wa kukuuliza kama umeridhika. Haikugharimu kitu.

Kwa anayechagua meli akiwa na hitaji kama letu, mambo machache yanafaa kuangaliwa kabla ya kulipa. Norwegian Cruise Line iliacha zamu za lazima mwaka 2000, na mahali ambapo wageni huja kwa saa tofauti si rahisi kukusanya hadhira moja kwa gwaride. Viking, ambayo meli yake ya kwanza ya baharini ilianza kazi mwaka 2015, haichukui wageni walio chini ya umri wa miaka 18 na haina kasino, kwa hiyo wanaoipanda wengi wao wanatafuta utulivu tangu mwanzo. Katika Queen Mary 2 ya Cunard, iliyoanza safari mwaka 2004, wageni wa vyumba vya daraja la juu wana migahawa yao ambako meza huwa yao kwa safari nzima, nao hufika kwa saa wanayoitaka. Ni raha, ila ni daraja la juu, na tumerudi palepale pa zulia na mapazia.

Kuna pia burudani isiyotumia ngoma, nayo naiona ya busara zaidi. Meli ya Disney Magic, ya mwaka 1998, ina ukumbi uitwao Animator's Palate ambao kuta zake huanza jioni zikiwa nyeusi na nyeupe na kupata rangi kidogo kidogo kadiri chakula kinavyoendelea. Sidai kwamba ukumbi uliojaa watoto ni mtulivu, lakini ukuta unaobadilika rangi haupiti juu ya sahani ya mtu. Celebrity, kampuni nyingine ya meli, nao wana Le Petit Chef, mchezo wa picha zinazoangazwa kutoka darini hadi mezani, ambapo mpishi wa kimo cha kidole huonekana akihangaika na viungo juu ya sahani yako kabla ya chakula halisi kuletwa. Anayetaka burudani kama hiyo huiwekea nafasi yake, na asiyeitaka hula kwingine.

Kwa upande wa alama, chakula cha ukumbi mkuu nakipa 7 kati ya 10, wahudumu 9, na mpangilio wa burudani 3, ambazo zingefika 7 kama kampuni ingeandika tu katika ratiba usiku na dakika ya ngoma na kutenga kona isiyokuwa na spika.

Usiku wa gwaride la keki tulikuwa nyuma ya nguzo yetu. Kelele zilitufikia kama harusi ya mtaa wa pili, na chai ya Mama ililetwa mapema, kabla wahudumu hawajaitwa kujipanga. Alikuwa ameagiza salmoni yuleyule, kutoka menyu ileile isiyobadilika, wa jiko lilelile. Alipomaliza aliweka uma chini akaniuliza kama nilikuwa nimewasemea, maana, kwa maoni yake, mpishi wa usiku huo si yule wa siku ya pili.