Nimewaangalia upya wapelelezi wa TV ya zamani: Columbo, Derrick na wenzao

Haya jamani karibuni, mko salama? Leo sina simu ya kuchambua wala spika, leo nina flashi. Hii hapa. Niliipeleka kwa kijana wa laibrari ya sinema hapa mtaani nikamwambia mwanangu leo usinitilie sinema za VJ, zile za kutafsiriwa na mtu anaongea juu yake, nitafutie wapelelezi wa zamani, akaniangalia weee, lakini akazipata. Kwa hivyo wiki tatu sasa kila usiku ni Columbo, Derrick, Murder, She Wrote na Magnum, nataka kujua kama bado zinafaa au ni utoto wetu tu ndio tunaupenda.

Naanza na Columbo, na hapa nitakaa sana mnisamehe.

Mimi nimekulia Tororo, Uganda, kwenye kwota za jeshi, ndiyo maana Kiswahili nimekinyonya na maziwa. Laini yetu nzima ilikuwa na TV moja, nyeusi na nyeupe, ya afande mmoja, jioni anaitoa verandani, watoto tunakaa mkekani mbele, wakubwa kwenye benchi nyuma. Antena ilifungwa kwenye mlingoti wa mti, ukiigeuza upande wa Malaba unashika stesheni ya Kenya, kwa hivyo lazima mtu asimame nje anazungusha na sisi ndani tunapiga kelele, rudisha! rudisha kidogo! acha hapo hapo usiguse!

Usiku mmoja ikaja ile Columbo ya mzee wa divai. Inaitwa Any Old Port in a Storm, ya mwaka 1973, muuaji ni Donald Pleasence. Sasa kama hujaiona na hutaki kujua mwisho ruka hapa mbele kidogo. Huyu mzee ana kampuni ya divai na anaipenda kuliko watu, ndugu yake wa baba mmoja anataka kuiuza, mzee anamgonga kichwani, anamfunga ndani ya stoo ya divai, anazima kiyoyozi ili jamaa akose hewa, halafu huyoo anaenda zake New York wiki nzima. Na haya yote unayaona mwanzoni kabisa! Ndiyo ufundi wa Columbo wenyewe, Richard Levinson na William Link walioibuni hawakufichi muuaji, unamjua kabla ya askari kufika, kazi yako ni kukaa pale ukiangalia vile atanaswa. Muuaji karibu kila mara ni tajiri, msomi, anaongea vizuri, halafu anaingia huyu mtu wa koti lililokunjamana na sigara yake, anauliza vitu vya kijinga kuhusu viatu na bei ya nyumba, anaaga, anafika mlangoni, anageuka. Jambo moja tu bwana.

Sasa usiku ule tumefika pale Columbo anaanza kuulizia hali ya hewa, kwamba siku fulani kulikuwa na joto kali sana, na stima ikaenda. Pwaa, giza. Watoto tulilia banange, mimi nililia kweli kweli. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja jirani yetu aliyepika kwete, ile pombe ya mahindi, kwete yake ilijulikana kambi nzima, akasema gizani pale pale, mbona imeisha hiyo, kama alizima feni wiki nzima na kulikuwa na joto basi pombe yake yote imeharibika, na mtu anayejua pombe akionja tu atajitaja mwenyewe. Wanaume wakamcheka. Mwisho wenyewe sikuuona mpaka mwezi huu.

Na ndivyo ilivyo! Columbo anamwalika hotelini, anaagiza chupa ya bei mbaya, mzee anaonja anafura, anasema divai hii imepigwa joto, anawafokea wahudumu, kumbe chupa imetoka kwenye stoo yake mwenyewe. Mama wa kwete aliijua bila kuona, miaka thelathini iliyopita, gizani. Nilisimamisha nikairudisha mara tatu.

Vitu vya kujua kabla hujaitafuta. Jumla ni episodi 69, lakini zipo za aina mbili, za 1968 mpaka 1978 ni 45, na za 1989 mpaka 2003 ni 24. Chukua hizo 45. Za baadaye Peter Falk, aliyemuigiza Columbo, ni yule yule lakini hadithi zimelegea, na wale matajiri hawana tena ile nguvu. Ile ya 1971, Murder by the Book, iliongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana mdogo kabisa. Koti ni la Falk mwenyewe alitoka nalo nyumbani. Na jicho lake la kulia lilikuwa la bandia, alitolewa la kweli akiwa na miaka mitatu, ndiyo maana akikutazama unahisi anaona pande mbili. Gari ni Peugeot 403, wazee wetu pale verandani walikuwa wanaipigia makofi kila ikitokea, kwa sababu hapa kwetu Peugeot ilikuwa gari la heshima, 404 ilishinda Safari Rally mara nne miaka ya 60.

Derrick sasa. Mjerumani wa Munich, 1974 mpaka 1998, episodi 281, na zote aliandika mtu mmoja, Herbert Reinecker, hiyo peke yake ni ajabu. Hakuna kufukuzana, risasi chache, watu wamekaa sebuleni wanaongea na Derrick anawatazama tu na yale macho mazito mpaka mtu anavunjika. Nikiwa mtoto iliniogopesha, sasa naona ni huzuni, karibu kila familia mle ndani imeoza mahali. Lakini lazima niseme hili, mwaka 2013, Horst Tappert aliyemuigiza akiwa ameshafariki, ilijulikana kwamba ujanani alikuwa kwenye Waffen-SS, lile jeshi la chama cha Hitler, na ZDF, stesheni ya Ujerumani iliyokuwa ikiionyesha, ikaacha kuirudia. Mimi nimeangalia kumi na mbili nikaacha, kila akikaa kuwahoji watu wengine wanaficha nini nilikuwa nawaza lake. Wewe utaamua mwenyewe.

Murder, She Wrote, 1984 mpaka 1996, Angela Lansbury. Tamu, ya kuangalia na mama Jumapili baada ya chakula, usalama mtupu, watoto wakae pia. Magnum mimi siiweki kundi hili, Tom Selleck, Hawaii, Ferrari nyekundu, ni raha lakini upelelezi ni kidogo.

Na tafadhali, hizi zilipigwa kwa skrini ya mraba. TV yako bapa itazivuta, Columbo anakuwa mnene kama gunia, ingia kwenye rimoti urudishe 4:3, acha hizo kuta nyeusi pembeni zikae. Angalia pia kama flashi yako ina sauti ya Kiingereza, mbili zangu zilikuja Kijerumani tupu.

Kwa hivyo Columbo ndiyo, nunua, weka usiku bila haraka, kila moja ni dakika 70 na zaidi.

Juzi nilimpigia yule mama, sasa yuko Arua na wajukuu. Nikamwambia mama, ile sinema ya pombe nimeimaliza, ulisema kweli. Akacheka, anaikumbuka. Halafu akaniuliza, na ile iliyoharibika alifanyaje? Nikamwambia alienda kwenye mwamba akawa anaitupa baharini chupa moja moja, Columbo alimkuta pale. Akanyamaza kidogo.

"Maskini," akasema. "Yote?"