Injini haina neno, ila hicho kikaza cheni na hao wauzaji wake, hapana

Nilisubiri nitulie ndio niandike, nimeona situlii, basi naandika hivi hivi. Hii inahusu seti ya injini ya tustroku (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli) ya kufunga kwenye baiskeli, ile inayokuja boksi moja na kila kitu ndani, injini, tenki, kabureta, sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni), cheni, waya na kimfuko cha nati. Habari za tenki linaingiza lita ngapi sijui rangi zipo ngapi sizigusi, hizo mtasoma kwenye tangazo. Mimi nataka kuongelea kipande kimoja tu cha chuma chenye kigurudumu cha plastiki, yaani kikaza cheni, na mtu mmoja aliyenijibu.

Mimi sikununua kwa ajili ya kuzunguka mtaani. Nilitaka safari ndefu, za kulala njiani na kuamka kuendelea, na tangazo lao ndilo lililonivuta maana kuna picha ya jamaa kafunga mabegi mbele na nyuma, hema juu ya keria, barabara ndefu mbele yake na maandishi makubwa kwamba hii ni ya safari za mbali. Ishikeni hiyo picha.

Kwenye kufunga nilifurahi kweli, sitadanganya. Kazi yenyewe iko kwenye sproketi ya nyuma, kwa sababu haifungwi kwenye habu, kile kitovu cha tairi, inafungwa kwenye spoki, raba moja ndani na nyingine nje, halafu vibati vya chuma, halafu bolti 9 zinazobana vyote pamoja na spoki katikati. Ndio maana rimu inatakiwa iwe ya spoki 36, zikiwa pungufu bolti hazipati pa kukaa. Ukikaza moja mpaka mwisho halafu ukahamia ya jirani yake sproketi inakaa upande, inabidi uruke, unakaza huku kidogo unahamia ng'ambo kidogo, unarudi. Mimi nilifunga kipande cha waya kwenye fremu ncha yake ikawa inakaribia kugusa meno, nikawa nazungusha tairi taratibu kwa mkono naangalia wapi inagusa na wapi inaachia, nalegeza hapa nakaza pale, mpaka ikazunguka mzunguko mzima bila kugusa popote. Jioni nzima imeishia hapo. Nati zote nikatia gundi ya kuzuia kufunguka, maana injini hizi zinatetemeka na kila mtu anayezijua atakwambia kitu cha kwanza zinachofanya ni kufungua nati.

Mafuta nayo, petroli unachanganya na oili ya tustroku, mwanzoni injini ikiwa mpya nilichanganya 16 kwa 1, petroli 16 oili 1, kama walivyoandika, ikishazoea nikashuka mpaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita. Plagi nikiitoa ina rangi ya kahawia safi kabisa, siyo nyeusi siyo nyeupe. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia sikujua ninachofanya.

Na hapo kabla ya kuharibika aisee ilikuwa raha. Unakanyaga pedali mara chache, unaachia klachi, inakohoa inashika, na kuanzia hapo miguu inapumzika unasikiliza tu. Sproketi ya meno 44 iliyokuja nayo niliitoa nikaweka ya meno 36, hii nawashauri wote wa safari ndefu, kwa sababu kwa ile ya 44 na tairi za inchi 26 ukiwa unatembea kilomita 30 kwa saa injini inazunguka zaidi ya mara 4,300 kwa dakika, mikono inakufa ganzi, ukiweka 36 mwendo ule ule injini inashuka mpaka kama 3,550 hivi na mtetemo unapungua sana. Mlimani unapoteza kidogo lakini pedali si unazo, unaisaidia. Asubuhi na mapema barabara ikiwa tupu, mzigo nyuma, injini inanguruma sauti moja bila kubadilika, nilikuwa najiambia hiki kitu nyota tano, nilikuwa nimeshaanza kuandika sifa kichwani.

Sasa njooni kwenye kikaza cheni.

Kwa wasiojua, baiskeli ya namna hii ina cheni mbili, ya pedali kulia na ya injini kushoto, na zote zinavuta tairi moja. Ukilisogeza tairi nyuma ili ukaze moja, unaharibu nyingine, huwezi kuzipata zote mbili kwa pamoja ila kwa bahati. Ndio maana wanakuwekea kikaza cheni, kibati kinachobana bomba la chini la fremu kule nyuma, kina kigurudumu kinachoisukuma cheni ya injini isilegee. Kinashikiliwa na bolti mbili na kibati kimoja cha mviringo upande wa pili, basi. Bomba lenyewe ni la duara, limepakwa rangi laini, tena linaenda likipungua unene kuelekea ekseli. Na pembeni yake, upana wa kidole, spoki zinazunguka. Hebu fikirieni nani alikaa mezani akaona hilo ni wazo zuri.

Ilikuwa mwezi uliopita au mwisho wa ule wa kabla yake, niko mbali, mteremko mdogo tu, wala sikuwa naenda kasi. Nikasikia tik, tik, tik, nikafikiri labda kijiwe kimeingia kwenye cheni, kabla sijabana breki ikapiga kraa na tairi la nyuma likakamata palepale. Sijui nilibakije juu. Baiskeli iliburuzika ikaacha mstari mweusi kwenye lami, nikasimama ukingoni kabisa mwa barabara, na nashukuru Mungu hakukuwa na gari nyuma yangu, hiyo peke yake ndiyo inayonifanya mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka, kwa sababu dakika moja kabla lilikuwa limepita lori.

Nikashuka nikaangalia. Kigurudumu kimeingia ndani ya spoki kizima kizima, spoki zaidi ya kumi zimekatika nyingine zimepinda zimejisokota kwenye cheni, rimu imekuwa kama nambari nane, sproketi yangu niliyoipangilia jioni nzima imelalia upande. Na hapa ndio nataka msome vizuri. Zile bolti mbili za kikaza cheni zilikuwa zimekaza. Nati hazijatembea hata robo, gundi bado iko kwenye meno yake. Kilichotokea ni kibati chote kuzunguka juu ya bomba, rangi ya fremu imechubuka nusu duara safi kuonyesha kilikotoka na kilikoishia. Yaani cheni imevuta, kibati hakina kitu cha kukizuia kwenye chuma cha duara, kikageuka kikaenda moja kwa moja kwenye spoki. Hilo siyo kosa la kukaza, ungekaza mpaka bomba libonyee bado kingezunguka siku moja, kimetengenezwa hivyo.

Nilisukuma baiskeli na mzigo wake mpaka nikapata mtu wa kunibeba, hiyo naipita.

Nilipofika nikapiga picha zote, bolti, gundi, ule mchubuko wa nusu duara, nikawatumia waliouza na maelezo ya adabu kabisa, sikutukana mtu, nikaomba kikaza cheni cha aina nyingine na spoki, basi. Sikuomba hata hela. Baada ya kukaa kimya siku nyingi nikajibiwa hivi:

"Kaka hiyo ni baiskeli. Baiskeli haikutengenezwa kwa safari za mbali. Muone fundi baiskeli."

Nikasoma mara mbili. Nikachukua ile picha yao, jamaa na mabegi na hema, nikamtumia, nikamuuliza ndugu yangu na hii ni nini? Akajibu "Picha ni ya tangazo tu" akamalizia na kidole gumba. Kidole gumba! Mtu angeweza kufa huko barabarani na unamwekea kidole gumba.

Na hilo neno kwamba baiskeli haikutengenezwa kwa hivyo linanichoma kuliko hata spoki, kwa sababu ni la mtu asiyejua hata anachouza. Soichiro Honda mwaka 1946 alianza hivyo hivyo, kuchukua vijiinjini vya jenereta vilivyobaki jeshini na kuvifunga kwenye baiskeli za kawaida, kampuni nzima unayoijua leo imeanzia hapo. Ufaransa mwaka huo huo VéloSolex ikaanza kuuzwa, injini imekaa juu ya tairi la mbele inasukuma tairi kwa rola, haina cheni ya injini wala kikaza cheni wala upuuzi wa kuzunguka kwenye bomba, na watu wameiendesha miaka na miaka. Kwa hiyo tatizo siyo baiskeli. Tatizo ni kibati chenu, na tatizo ni wewe uliyekaa hapo kujibu watu.

Na kwa kuwa tumeshafika huko, hata hiyo injini wanayoiita 80cc, yaani ujazo wa sentimita 80, siyo 80. Pistoni ina kipenyo cha milimita 47, inatembea milimita 38, piga hesabu mwenyewe unapata 66. Nilikuwa nimelisamehe hili maana nguvu ilinitosha. Sasa nimeondoa msamaha.

Fundi aliyenisaidia kuvuta rimu mpya akanifunga pia adapta ya habu, inabana habu yenyewe, sproketi haigusi spoki kabisa, inakaa katikati bila kubembelezwa. Fremu yangu bahati nzuri ina nafasi ndefu ya ekseli kule nyuma, tukakata pingili za cheni ya injini mpaka ikakaa vizuri bila kikaza chochote, kisha ya pedali tukaiwekea kikaza kidogo cha springi upande wa kulia, huko hata kikifa hakivutwi na injini. Nimeshaitembeza masafa marefu hivyo, kwenye mvua na kwenye vumbi, na ni chombo kingine kabisa. Imetulia. Cheni haipigi kelele. Injini ile ile, ya boksi lile lile, inawaka kwa pedali mbili tatu na haijanikosea hata mara moja, kwa hiyo nikisema msinunue nitakuwa naionea injini, na haki ya Mungu ni injini nzuri kwa mtu mwenye subira.

Basi nunueni, ila siku boksi likifika kikaza cheni tupeni kabla hata hamjaanza kufunga. Hapana, ngoja. Nikifikiria lile lori, na kwamba kuna mtu sasa hivi kaletewa boksi lile lile na picha ile ile na hajui, siwezi kusema nunueni. Mtu wa kwanza kufunga injini atajuaje kwamba kipande alichopewa na maelekezo yake ndicho cha kutupa? Hawajaandika popote. Hata mstari mmoja wa onyo hakuna, na picha zangu wanazo.

Injini naipa nyota nne. Wauzaji siwapi kitu, na ile nyota moja inayoonekana hapo juu ni kwa sababu bila kubonyeza moja haikubali kutuma. Kama mmoja wao anasoma hapa, bado nadai rimu moja, spoki 36 na majibu ya mtu mzima.