Bunduki kuukuu za bolti: ipi ununue, na kwa nini uanze na mdomo wa mtutu

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu ana cheti chake cha polisi, amejibana kwa muda mrefu, kisha ananunua Lee-Enfield, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza, inayopendeza kweli. Mbao zimesuguliwa mafuta mpaka zinang'aa, namba ya bolti, lile komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, inalingana na ya bunduki, na muuzaji ameapa kwamba haijawahi kulowa mvua. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, mita mia tu, risasi zinatawanyika kama mtama uliomwagika. Anabadilisha risasi, anarekebisha kilengeo, anamwita fundi. Hakuna aliyemwambia aangalie mdomo wa mtutu.

Ndiyo maana hapa sitazungumzia sana mbao, mihuri wala namba. Hayo kila muuzaji anayajua, na anajua pia kuyapamba. Nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda la risasi, mpe fundi aipime kwa geji kabla hujafyatua hata risasi moja, basi. Mimi nataka tuzungumze juu ya kamba.

Askari wa Kiingereza alibeba kamba ya kusafishia ndani ya kitako cha bunduki yake, nyuma ya kifuniko kidogo, pamoja na kichupa cha mafuta. Upande mmoja wa kamba kuna uzito wa shaba. Anaudondosha uzito kupitia chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, unatokea mdomoni, anavuta, na kitambaa kinafuata kikisafisha. Akivuta sawasawa hakuna shida. Akivuta upande kwa uvivu au haraka, kamba inasugua ukingo wa mdomo. Kamba hiyo hiyo imelala kwenye vumbi la murram, imebeba mchanga. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa miaka, kamba inageuka msumeno na kuchimba mfereji kwenye chuma. Mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa bunduki. Upande mmoja ukilika, hewa ya moto inachomokea huko kwanza na kuisukuma risasi kitakoni, nayo inaondoka imepinda. Mtutu mzima unaweza kuwa safi kama kioo na bado usifae, kwa sababu ya sehemu ndogo kuliko ukucha.

Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti nje, weka karatasi nyeupe au tochi ndogo upande wa chemba, halafu tazama mdomoni. Duara liwe duara. Mistari ya kusokota, ile iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi, ifike mpaka ukingoni ikiwa na kona kali, pande zote sawa. Zungusha bunduki polepole ukitazama. Ukiona upande mmoja mistari inafifia kabla ya kufika ukingoni, mrudishie mwenyewe. Kipimo cha pili ni risasi bandia ya kipenyo hicho hicho, isiyo na baruti wala fataki (kile kiwashio kitakoni mwa ganda): ingiza ncha yake mdomoni. Sehemu ya risasi ikibaki inaonekana nje, vizuri. Shingo la ganda likikaribia kugusa chuma, mtutu umekwisha. Muuzaji akikuambia utaukwaruza, mjibu kwamba shaba haikwaruzi chuma cha mtutu.

Kabla ya orodha, sheria. Kwa Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970, huwezi kununua wala kumiliki bila cheti, na kuingiza bunduki nchini kunataka kibali chake. Umri wa bunduki hauifanyi kuwa pambo la ukutani. Anza polisi, halafu nenda kwa muuzaji mwenye leseni.

Ya kwanza kwangu, bila kusitasita, ni Lee-Enfield No. 4 iliyotengenezwa Long Branch, Kanada. Afrika Mashariki wengi wanaijua kwa jina la Mark 4. Inabeba risasi kumi za .303, bolti yake inanyanyuka kidogo tu na kurudi upesi, na tundu la kulengea lipo karibu na jicho, si mbali huko mbele kama kwenye bunduki za kabla yake. Mtutu wake ni mzito kuliko wa ile iliyoitangulia, na mdomo wake umechomoza nje ya mbao, wazi kabisa, kwa hiyo ubovu hauna pa kujificha. Zilitengenezwa viwanda kadhaa: Fazakerley, Maltby na Shirley huko Uingereza, na Savage huko Marekani, hizi zikiwa na muhuri wa US PROPERTY ingawa zilipelekwa kwa Waingereza. Zote nimezishika, na bado narudi Long Branch. Chuma chake kimemalizwa kwa uangalifu ambao bunduki nyingi za wakati wa vita hazina, na bolti inateleza bila kukwama. Nyingi zina mistari miwili ndani ya mtutu badala ya mitano. Wauzaji wengine hutumia jambo hilo kuwatisha wanunuzi wageni ili wawasukumie bunduki ghali zaidi. Usitishike, mistari miwili inapiga vizuri tu.

Ya pili ni Mauser ya Uswidi, M96, kipenyo 6.5x55. Hapa naipenda tabia ya Waswidi wenyewe: kwenye kitako mara nyingi utakuta kisahani cha shaba ambacho mafundi wa jeshi lao waliandika upana wa mtutu na hali yake. Jeshi lililompa mnunuzi habari hizo bila kuulizwa linastahili heshima. Hata hivyo vitako hubadilishwa, kwa hiyo kisahani kisikuzuie kutazama mwenyewe. Ingekuwa ya kwanza kama ingebeba zaidi ya risasi tano, na kama historia yake ingetugusa zaidi.

Ya tatu ni K31 ya Uswisi, inayovutwa bolti moja kwa moja nyuma bila kunyanyua. Mbao zake chini kwenye kitako mara nyingi zimepondekapondeka. Usijali, mtutu huwa umetunzwa. Fungua bamba la kitako, maana baadhi zina kipande cha karatasi chenye jina la askari aliyepewa.

SMLE, yaani No. 1 Mk III na Mk III*, Lee-Enfield iliyoitangulia No. 4, ndiyo iliyobebwa na babu zetu, na inaniuma kuiweka ya nne. Ndiyo iliyoteswa na kamba kuliko zote, na kichwa chake cha chuma kimefunika mtutu mpaka mdomoni, kwa hiyo unahitaji tochi na subira. Ikifaulu kipimo, ichukue. Mauser K98k ya Ujerumani inafuata, bunduki imara sana, ila bei inapandishwa na mihuri ya tai, si na mtutu. Zile zilizotekwa na Warusi zina alama ya X na mara nyingi bolti za kuokoteza.

Kwa mwenye pesa kidogo: Mosin-Nagant 91/30, lakini chungulia ndani, kwani nyingine mdomo ulichimbwa kiwandani kuondoa sehemu iliyolika, na mistari inaanzia ndani zaidi. Zinaweza kupiga vizuri, ila bei ishuke. Ishapore 2A1 ya India ni kazi ngumu na bei nafuu. Yatosha.

Ukinunua, jua risasi zako. Za zamani za jeshi nyingi zina fataki inayoacha chumvi, na hapa kwetu karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, chumvi hiyo inavuta unyevu na kutu inaanza usiku huo huo. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Mwaga maji ya moto ndani ya mtutu, kausha, ndipo upake mafuta. Risasi mpya za Prvi Partizan ya Serbia zinapatikana kwa .303, 6.5x55 na 7.5 ya Uswisi, na hazina chumvi hiyo.

Sasa kuhusu wauzaji. Picha kumi na mbili za mbao, picha nne za mihuri, ya mdomo hakuna. Ukiiomba, unaambiwa bunduki imeshaulizwa na mteja mwingine. Halafu kuna Lee-Enfield No. 5, ile fupi ya msituni ya mwaka 1944: ni No. 4 ngapi zimekatwa na kubandikwa kofia ya kuzuia moto, zikauzwa kama halisi! Ya kweli imepunguzwa chuma kwenye mtutu mbele ya chemba na kwenye mwili wa bunduki. Iliyokatwa haina hayo. Na bei inaruka mtu anapotamka neno Burma. Askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, walipita kweli bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, walikufa huko, na inanikasirisha kuona mateso yao yakigeuzwa nyongeza ya bei kwenye bunduki isiyo na karatasi hata moja.

Nami nina ndoto yangu. Mwaka 1902 Uganda Rifles iliingizwa katika King's African Rifles, na batalioni ya 4 ikawa ya Uganda. SMLE za kabla ya katikati ya Vita vya Kwanza zilikuwa na kisahani cha shaba kwenye kitako kwa ajili ya alama za kikosi. Nataka moja yenye 4 na K.A.R., alama zilizochakaa pamoja na shaba yake, si zilizogongwa juzi kwenye shaba iliyozeeka. Kando yake ningeweka Mauser M71, ile ya risasi moja moja na baruti nyeusi yenye moshi mwingi, waliyopewa askari wengi wa Wajerumani upande wa Tanganyika mwaka 1914. Moshi wake uliwatangaza walipo kila walipofyatua. SMLE ya namna hiyo ikijitokeza Kampala au Nairobi ikiwa na karatasi zake, nitainunua hata mdomo wake ukiwa umeliwa wote na kamba, kwa sababu hiyo sitaipiga.